Mama Chini ya Kawa

Ngano inabisha hodi, watoto!

Ikaribie, na utamu wake!

Basi, alikuwapo Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na mama yake mpishi. Mama akishaivisha chakula hukifunika kwa kawa, huwaambia walaji wafumbe macho, kisha hulinyanyua kawa na kusema, "Taraa!" Maana yake ni hii tu: tazama, nilikuwekea wewe. Hata muhogo mkavu ukitolewa hivyo, hushuka vizuri.

Nyegere, mwenye nguvu nyingi na tumbo lisilotosheka, akasikia habari za neno hilo, akalitamani. Akamkamata mama, akamtia shimoni mwake. Apike asubuhi, apike mchana, apike jioni. Mlangoni akakaa mwenyewe.

Sange akabaki na jiko baridi. Akajipikia, akajifunikia, akajifunulia, akasema taraa peke yake. Haikuwa kitu. Alimlilia mama yake hata chakula kikamshinda.

Siku moja akaenda kwa Nyegere na asali kidogo kwenye jani. Akamwamkia vizuri, akamwambia kwamba mama anajua pishi moja la asali, tamu ajabu, ila mlaji akichungulia tu, utamu wote unapotea. Nyegere akafumba macho mpaka uso ukakunjamana. Sange akampaka asali puani, apate kunusa.

Kisha akaingia shimoni, na mama akajikunyata kwenye ungo. Sange akamfunika kwa kawa, akauburuta ungo, akampitisha ubavuni mwa Nyegere. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Tayari?" akauliza Nyegere.

"Bado, mjomba."

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Tayari?"

"Bado, mjomba." Safari hii sauti ilitoka kichakani.

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Tayari?"

Kimya. Nyegere akameza mate, akazidi kufumba.

Nyumbani, Sange akalishika kawa. Akataka kulisema lile neno, lakini hakuwahi. Kawa likanyanyuka lenyewe.

"Taraa," akasema mama. "Mbona umekonda hivyo, mwanangu?"

Ngano imekwenda zake, nami naomba maji ya kunywa. Funzo lake, watoto: mkiambiwa mfumbe macho, fumbeni, wala msichungulie. Nyegere alitii vizuri sana, na chakula chake kinakuja.