Kura Moja ya Ndoo

Hadithi hii imeninyima raha tangu niisikie, na leo nawagawia tukose raha pamoja. Msiamue kabla sijamaliza.

Kijijini Mrangeni palikuwa na watu watatu wenye vipaji. Kajiru, katibu wa tawi la chama, alikuwa na ulimi: hata aliyemjia na ugomvi aliondoka anacheka. Namkunda, mwenye mashine ya kusaga, alikuwa na moyo mgumu: hakuna aliyemkemea mara mbili. Bibi Nakijwa alikuwa na ukweli. Miaka sabini na ushei hakuna aliyemsikia akisema uongo, na watu wakigombea mpaka wa shamba, neno lake ndilo lililomaliza.

Ukaja uchaguzi wa rais. Mgombea wa chama cha Kengele aliahidi daraja, basi kijiji kizima kikakubaliana kumpa kura zote. Kesho ya kupiga kura karatasi ya matokeo ikabandikwa kwenye mlango wa shule. Kengele, mia tatu na kumi na moja. Chama cha Ndoo, moja. Na nchi nzima aliyeshinda ni Ndoo.

Kura moja haimpi mtu urais, hilo hata mtoto analijua. Lakini daraja lilikuwa limeota mbawa, na watu walitaka wa kumlaumu. Macho yakamwangukia Mbonea, fundi viatu, kwa kuwa mkewe alitoka wilaya moja na mgombea wa Ndoo. Salamu zikakatika. Bombani madumu ya mkewe yakawa yanasogezwa nyuma kila siku. Mama yake, mgonjwa wa miguu, akakosa hata wa kumjulia hali. Mwisho mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano: Mbonea aeleze kura yake, ama ahame na watu wake kabla ya Jumapili.

Mbonea akasimama. Akaificha mikono mfukoni.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti ikaishia hapo.

Vijana wa nyuma wakaanza kuinuka. Hapa ndipo ninapoogopa mimi, maana mkutano ukishanyamaza namna ile, kinachofuata huwa si maneno.

Kajiru akapita mbele. "Mwacheni. Kura ile ni yangu."

"Wewe uliyetuimbisha Kengele mwezi mzima?" mwenyekiti akauliza.

"Ndiyo maana. Nilikaa na yule mgombea karibu, nikaona anavyosahau majina yenu akishapanda gari. Nilipoingia kwenye kituturi na karatasi yangu, mkono ukakataa." Akaendelea kusema, na kusema, mpaka vijana wakakaa. Jioni hiyohiyo wakamvua ukatibu.

Namkunda akasimama pale alipokuwa. "Kajiru anadanganya, kama kawaida yake. Kura ni yangu. Ndoo wamesema watashusha bei ya dizeli, na mashine yangu hainywi daraja. Anayetaka kunihamisha aje achukue na mahindi yake." Vijana hawakumsogelea, kwa sababu kijijini mashine ilikuwa hiyo moja tu. Lakini tangu siku ile nusu ya kijiji wanapanda mlima kwenda kusaga kwingine.

Bibi Nakijwa akainuka wa mwisho. "Wanangu, hao wote wawili waongo. Ni mimi. Yule wa Ndoo tulimwomba daraja, akasema hana uwezo nalo. Mimi nikampenda mtu anayesema hana."

Nani angemkanusha Bibi? Lakini Kajiru hakurudi nyuma, wala Namkunda. Kura moja, wenyewe watatu. Mwenyekiti akawatazama, akavua kofia, akafunga mkutano, na habari ya kuhama haikutajwa tena. Ila siku hizi Bibi akitoa ushahidi wa mpaka, hakosekani wa kumuuliza, "Na siku ile, Bibi?" Hilo linamuuma sana.

Sasa niwaambie: kura ile ilikuwa ya Mbonea.

Siku ya kampeni mgombea wa Ndoo alibandukiwa na soli ya kiatu. Akakaa kibarazani kwa Mbonea, pekupeku, akisubiri gundi ikauke, na alipomwona mama yake fundi akamuuliza habari za miguu yake. Basi, ni hilo tu. Sababu ndogo hivyo utaielezaje mbele ya watu mia tatu wenye hasira?

Kesho ya ule mkutano, wale watatu walipita kwa Mbonea, kila mmoja kwa wakati wake.

Kajiru alisema, "Nilisimama kwa sababu najua wewe huwezi kutusaliti. Ingekuwa ni wewe, nisingefungua mdomo." Mbonea akainamisha kichwa, akaendelea kushona.

Namkunda alisema, "Aliyepiga simjui wala sitaki kumjua. Kura ya mtu haiulizwi mkutanoni. Na ule uzio wako bado umeingia kwangu, hatujamalizana."

Bibi Nakijwa alivuta kigoda, akakaa. Kisha akasema, "Nilikuona usoni ulipoisoma ile karatasi ya matokeo. Nilijua ni wewe. Ndiyo maana nikasema nilichosema, na ndio uongo wangu wa kwanza. Nisitiri, mwanangu."

Sasa Mbonea ana ngozi moja nzuri, inayotosha viatu jozi moja. Mkewe anamwambia, "Baba Elinami, wema kama huu haunyamaziwi. Mshonee mmoja wao." Naye anajua kwamba atakayeonekana na viatu vipya, kijiji kitasema ndiye mwenye kura. Anajua pia kwamba akikaa kimya, ataonekana mtu asiye na shukrani, na atajiona hivyo yeye mwenyewe.

Mmoja alimwokoa akiamini hana kosa. Mmoja alimwokoa bila kujali kura ni ya nani. Mmoja alimwokoa akijua. Ngozi iko mezani, kisu kiko mkononi, na fundi hawezi kukata bila kipimo.

Je, wewe ungeenda kupima mguu wa nani?