Aliyeongea Nyuma ya Gitaa

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye neno la leo, naomba niwape habari za kijana mmoja wa chuo. Tumwite Anyelwisye. Kwao ni Rungwe, kwenye migomba na chai, nyumba ambayo watu huimba wakiwa jikoni, huimba wakichota maji, huimba hata wakiwa wamekasirikiana. Kijana huyu akapata nafasi ya kusomea ualimu wa muziki katika mji wa mbali, na katika mji ule hakumjua mtu hata mmoja.

Mnaijua hali ile? Umesimama kwenye foleni ya chakula, kila mtu ana wa kucheka naye, na wewe unalisoma tena tangazo la ukutani ulilokwisha kulisoma, ili tu uonekane una shughuli. Ndivyo alivyoishi muhula mzima. Akasema moyoni, kama sina wa kuongea naye, basi nitatunga nyimbo. Likizo akaenda kuchuma chai kwa kibarua, mjomba wake akamwongezea, na alipopata kiasi akaingia dukani kutafuta laptop.

Muuzaji alikuwa dada mmoja mchangamfu. Akamuuliza, "Karibu, mdogo wangu. Unataka ya kazi gani?"

"Ya kutengenezea muziki, dada. Ila mfuko wangu ni mdogo."

Kijana alikuwa ameshaishika moja nyembamba, ya rangi ya fedha, inang'aa. Dada akaitoa mkononi mwake taratibu. "Hiyo ni nzuri kwa kuandikia na kuangalia filamu. Ukiipa ngoma, gitaa, kinanda na sauti nne kwa pamoja, itaganda. Chukua hii nene. Imetumika, ina mikwaruzo, lakini RAM yake inatosha na prosesa ina nguvu. Ubaya wake ni nafasi ya kuhifadhia, ni ndogo. Itabidi kila baada ya muda ufute usivyovihitaji."

"Na spika?"

"Spika za studio kwa bajeti yako hutapata. Chukua kipaza sauti hiki na hedifoni kubwa, za kufunika sikio lote. Utafika nazo mbali."

Akachagua ile nene. Na alichagua vizuri, sina neno juu ya laptop ile. Nasema mapema, msije mkadhani mchungaji leo amepanda hapa kukemea mashine.

Sasa, chumbani kwake hosteli kulikuwa na vitanda viwili. Kitanda cha pili kilikuwa cha kijana aitwaye Zefania, mtu wa Kasulu, anasoma hesabu, mpole, mwenye kuongea kwa sauti ya chini kama anayeomba radhi. Walisalimiana asubuhi, wakaagana wakienda darasani. Basi. Anyelwisye hakumhesabu kuwa rafiki, kwa sababu alikwisha kuamua kwamba yeye hana rafiki.

Meza yake aliisogeza ukutani, mgongo ukaelekea chumba. Alirekodi mchana, wenzake wakiwa uwanjani. Anavaa hedifoni, anafumba macho, anapiga gitaa na kuimba. Mle masikioni alisikia ngoma na kinanda tu alivyokwisha kuvipanga. Sauti iliyopita kwenye kipaza aliizima isirudi masikioni, maana ilikuwa inachelewa na kumchanganya. Kwa hiyo kipaza kilisikia kila kitu kilichokuwa chumbani, na yeye hakusikia.

Wimbo aliokuwa anauhangaikia ulikuwa na maneno haya: "Hakuna wa kuniuliza nimeamkaje." Aliurudia na kuurudia. Akikosea anaacha, anaanza upya, na yale aliyokosea yanabaki humo kwenye mashine, hayasikilizi tena.

Siku moja, katikati ya kuimba, aligeuka kuchukua maji, akamwona Zefania ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti, anamtazama. Anyelwisye akainua kidole. Subiri kidogo. Akarudi kwenye wimbo wake. Alipomaliza na kuvua hedifoni, kitanda kilikuwa kitupu. Akajua mwenzake amekwenda kula.

Haikupita wiki, alirudi kutoka darasani akakuta godoro la Zefania limekunjwa na begi halipo. Akamuuliza msimamizi wa hosteli. Akaambiwa, "Amekwenda kwao, ana matatizo ya kifamilia." Na ndugu zangu, niseme ukweli wa kijana huyu: alisikia nafuu kidogo. Chumba kimekuwa chake, atarekodi muda wowote. Ile nafuu haikudumu. Asubuhi ilipofika hakuna wa kusalimiana naye, akagundua kuwa ule ukimya aliokuwa anaulalamikia zamani haukuwa ukimya. Huu ndio ulikuwa wenyewe.

Basi, mashine ikajaa. Ikamwandikia kwamba hakuna nafasi tena. Akaketi kufuta vile vipande alivyokosea. Lakini kufuta bila kusikiliza aliogopa, asije akafuta kizuri. Akavaa hedifoni, akaanza.

Kwenye kipande kimoja gitaa linalia, mara nyuma yake mlango unafunguka. Sauti ya chini inasema, "Kaka, nimekuletea maandazi. Nayaweka hapa." Anyelwisye akakumbuka yale maandazi. Aliyakuta, akayala, akadhani ya mtu aliyesahau.

Kipande kingine: "Kaka, leo kuna mechi, twende tukaangalie?" Gitaa linaendelea. Kitanda kinalia kwa mtu kukaa. "Haya, siku nyingine."

Kingine tena. Yeye mwenyewe anaimba kwa nguvu kwamba hakuna wa kumuuliza ameamkaje, na nyuma yake mtu anaongea polepole: "Nimepigiwa simu na nyumbani. Mama amefariki. Wadogo zangu wako peke yao na sijui naanzia wapi. Sijamwambia mtu yeyote." Halafu sauti inakatika, halafu mtu analia, na gitaa linaendelea. Kisha gitaa likanyamaza kidogo, kwa muda wa mtu kuinua kidole, likaendelea tena. Baada ya hapo, mlango.

Mungu wangu, mngefanya nini ninyi?

Anyelwisye alivua hedifoni akatoka mbio mpaka kwa msimamizi, akaomba namba ya nyumbani kwa Zefania. Akapiga, haikupatikana. Akapiga tena na tena mpaka mjomba wa Zefania akapokea, akamwambia kijana hatarudi chuo, analea wadogo zake, yuko shambani. Anyelwisye akasubiri jioni, akapiga. Zefania akaja kwenye simu.

"Zefania, ni mimi, Anyelwisye. Pole sana na msiba wa mama."

"Asante, kaka. Nani amekuambia?"

"Wewe. Umerekodiwa. Yote uliyosema yameingia kwenye laptop. Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa nimefunika masikio, sikukusikia."

Zefania akasema, "Usiombe msamaha kwa kutosikia. Mara za kwanza nilikuwa nakuita wewe. Baadaye nilijua kabisa husikii. Ndiyo maana niliweza kusema. Ningejua unanisikia, nisingethubutu."

"Sasa kwa nini ulikuwa unasema?"

"Nilikuwa natamani ugeuke."

"Niligeuka, Zefania. Ile siku niligeuka."

"Ndiyo," akajibu. "Nikakuona unainua kidole."

Wapendwa, watu wawili katika chumba kimoja. Mmoja anaimba kwamba hana mtu. Wa pili analia kwamba hana mtu. Kati yao kuna hatua chache za sakafu. Nani kati yao alikuwa mpweke zaidi? Na nani aliyeshikilia dawa ya mwenzake?

Sisi tumezoea kusema, "Kama ana shida, si angeniambia?" Hapana. Mtu mwenye shida ya kweli hakuambii. Anakuletea maandazi. Anakualika mechi. Anakaa karibu na wewe bila sababu. Anapomaliza hayo yote na wewe hujageuka, anaanza kusema mahali ambapo ana hakika hakuna anayesikia. Anausemea mto wa kitandani. Anauambia mgongo wako.

Tena tunajisifu kwamba sisi ni watu wa maombi, watu wa kwaya, watu wa vikundi. Nawauliza basi: yule mama anayekaa benchi la mwisho karibu na mlango, anayetoka kabla ya baraka kila Jumapili, nani kati yetu anajua jina lake? Mimi mchungaji wenu simjui. Nimemwona mara nyingi kutoka hapa mbele, na kila mara nilikuwa na ibada ya kumalizia.

Wapo pia humu ambao leo ndio Zefania. Kwenu sina maneno mengi. Sitawaambia mpaze sauti, maana najua mmechoka. Naomba tu msikunje godoro bado.

Sisi wengine tusingoje kuitwa. Tugeuke, na tukigeuka, mikono yetu ibaki chini.

Nitanyamaza sasa, tukae kimya kidogo pamoja. Katika kimya hiki, kila mmoja amtafute moyoni mtu mmoja ambaye amempa mgongo. Ukimpata, usije kuniambia mimi. Nenda kwake.