Gogo Shingoni mwa Tunu

Paukwa!

Pakawa!

Ah, mmeitika kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

Pakawa!

Sasa mko macho. Hapo zamani za kale, wanyama wa mbuga moja kubwa walikuwa wakinywa maji ya lambo moja tu. Miongoni mwao alikuwamo Duma. Duma alikuwa mama. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, jina lake Tunu.

Mbuga nzima hapakuwa na mwenye mbio kama Duma. Akitoka, ametoka. Vuuu! Nyasi zinalala, vumbi linasimama. Ukipepesa jicho, yuko ng'ambo. Hata Swala, ambaye ana sababu zake za kutompenda, alikuwa akisema, "Mbio zile ni nzuri, mradi uziangalie kutoka mbali."

Lakini mbio zina kiu. Duma akikimbia mara moja tu, anarudi lamboni na kumaliza kibuyu kizima. Gugu, gugu, gugu! Zamani hakuna aliyejali. Maji yalikuwa mengi.

Ukaja ukame. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Lambo likarudi nyuma kila siku, na matope yakabaki yamepasuka kama kisigino cha mtu asiye na viatu. Wanyama wakaitana barazani.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Kiboko. Alikuwa mwenyekiti kwa sababu aliishi humo humo lamboni na hakuna aliyeweza kumtoa. Mpimaji wake alikuwa Ngiri.

Ngiri akapanda juu ya kichuguu akatangaza, "Sikilizeni! Maji yanakwisha. Kuanzia leo kila mnyama atapimwa. Utapewa kibuyu kimoja, unywe, halafu uende mwendo wako mpaka kwenye mgunga ule wa mbali. Ukifika kabla kiu haijakurudia, uko huru. Usipofika, wewe ni mlafi wa maji. Mlafi wa maji atafungwa gogo shingoni, apunguze mwendo. Asiyekubali kufungwa hanywi."

Gogo mnalijua. Ni lile ambalo wafugaji humfunga mbuzi mtoro. Linaning'inia, linamgonga magoti kila akitaka kukimbia.

Wanyama wakasema, "Ni haki."

Duma naye akasema, "Ni haki." Alikuwa ameyaona yale matope.

Wakapimwa. Kobe akanywa funda moja, kibuyu akakirudisha, akaenda zake. Alifika jioni, lakini alifika. Punda milia akafika. Nyumbu akafika. Duma akanywa kibuyu chake, akatoka. Vuuu! Nusu ya njia tu, ulimi nje, mbavu zinapanda na kushuka. Kiu imemrudia.

"Mlafi!" akasema Ngiri. "Lete gogo."

Duma akainamisha shingo. Hakubisha. Alipimwa, akashindwa.

Ikafika zamu ya Kiboko. Wanyama wote wakanyoosha shingo. Kibuyu kimoja kwa Kiboko! Hakitoshi hata kulowesha ulimi.

Ngiri akakohoa. "Mzee Kiboko hapimwi pamoja na hawa. Mzee ni mbeba mzigo."

"Mzigo gani?" akauliza Duma.

Ngiri akanyoosha pembe yake. Mgongoni kwa Kiboko alikuwa amekaa Mlakupe, yule kidege mdogo anayewatoa wanyama kupe.

"Huyo ndiye mzigo. Mzee anambeba tangu asubuhi mpaka jioni. Na wabeba mizigo wana kipimo chao."

"Kipimo chao kikoje?"

"Wanywe mpaka washibe."

Duma akacheka, akidhani ni utani. Akatazama huku na huku. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Bwana Ngiri, ndege huyo nikipiga chafya anapeperuka!"

"Mzigo ni mzigo, Mama Tunu. Sheria haiulizi uzito. Tena umenikumbusha. Mlete na mtoto."

"Mtoto wangu hajapimwa. Mtoto wangu hajakimbia hata siku moja!"

"Mtoto wa mlafi ni mlafi," akasema Kiboko kutoka majini, bila kufumbua macho. "Afungwe mapema, azoee. Kesho akiwa mkubwa hatajua hata kwamba duma walikuwa wakikimbia."

Lo! Tunu alikuwa katika umri ule ambao miguu huanza kumwasha mtoto. Kila asubuhi alikuwa akiuliza, "Mama, leo?" Na mama alikuwa akimjibu, "Bado, mwanangu. Nyasi zikiwa fupi." Sasa nyasi zilikuwa fupi. Na huyu hapa Ngiri, na kamba mkononi.

Duma akatazama kamba. Akatazama maji. Asiyekubali kufungwa hanywi. Akasogea kando, mtoto akafungwa.

Siku zikaenda. Tunu akawa anakwenda lamboni akiburura gogo lake. Kokoto, kokoto, kokoto. Watoto wa Ngiri wakawa wanamfuata nyuma mikia juu, wakiimba:

*Tunu gogo, Tunu gogo,*
*hata jongoo amekupita!*
*Tunu gogo, Tunu gogo,*
*utafika lini, Bibi?*

Mama yake akisikia wimbo ule, kucha zinatoka zenyewe. Anataka kuruka, gogo lake mwenyewe linampiga magoti. Anatafuna hasira, anameza, haishuki.

Siku moja Kobe akatoka pembeni ya njia. Hakusema pole, hakuuliza kitu. Akajiweka ubavuni mwa Tunu, akaenda naye kwa ule mwendo wake.

"Babu, na wewe umefungwa?" akauliza Tunu.

"Mimi nilizaliwa na langu mgongoni," akasema Kobe. "Twende. Wawili hawachelewi. Anayechelewa ni mmoja."

Tunu akacheka. Alikuwa hajacheka tangu afungwe. Tangu siku hiyo Kobe akawa anamngoja njiani kila asubuhi, na Duma akawa anawaona. Hasira yake haikupungua, lakini ilipata mahali pa kukaa.

Sasa sikilizeni mambo. Nyati aliona Kiboko anashiba. Nyati si mjinga. Akaenda kutafuta ndege, akampandisha mgongoni. "Na mimi ni mbeba mzigo!" Ngiri akasema, "Pita." Kifaru akaja na ndege wawili. Pita. Twiga akaja na ndege wanne, shingo nzima imejaa. Pita, pita! Punda milia, aliyekuwa akitosheka na kibuyu kimoja, akawa anazunguka akibembeleza, "Ndugu ndege, kaa hata mkiani." Nyumbu alikosa ndege, akajipaka tope mwili mzima, akaja anayumba. "Nimebeba udongo!" Pita.

Basi kila mmoja akawa mbeba mzigo. Kila mmoja anakunywa mpaka anashiba. Gugu, gugu, gugu! Kabla ya sheria, lambo lilikuwa likipungua. Baada ya sheria, likawa linakimbia.

Baraza likaitwa tena. Safari hii Kiboko alikuwa amelala nusu majini, nusu juani. Maji hayakuweza kumfunika tena. Tope lilikuwa limemkaukia mgongoni.

"Maji yanakwisha," akasema Kiboko. "Ni wazi wapo walafi. Duma aongezewe gogo la pili, yeye na mtoto wake."

Duma akasimama.

"La pili!" akasema. "La kwanza limeleta maji? Nilipimwa, nikashindwa, nikainama, nikafungwa. Sikuwatukana. Nilisema ni haki, maana lambo ni letu sote. Sasa niambieni, tangu nifungwe nani amekimbia hapa? Hakuna! Na maji yako wapi? Yako matumboni mwenu! Wewe Kifaru, umebeba nini? Wewe Twiga, umebeba nini? Wewe Nyumbu, umejipaka matope ya lambo lenyewe, unakuja kulinywa lambo! Mmemfunga mtoto asiyejua mbio ili mpate mtu wa kumnyooshea kidole. Hamna haya!"

Nyumbu akaanza kujipangusa.

"Maneno mengi yanaongeza kiu," akasema Kiboko. "Ngiri, lete magogo."

Hapo Mlakupe akainua kichwa. Asubuhi ile alikuwa amepita juu ya njia, akaona kidonda shingoni mwa Tunu pale kamba inapokatia. Akakunjua mabawa. Prrr! Akatua mgongoni kwa Duma.

"Haya, Bwana Ngiri," akasema kidege. "Mama Tunu naye ni mbeba mzigo."

Wanyama wakaangua kicheko. Ngiri akageuka kushoto, akageuka kulia. Sheria haiulizi uzito, amesema mwenyewe. Akajikuna. "Basi... mfungueni. Na mtoto. Anywe mpaka ashibe."

Magogo yakaanguka. Puu! Puu! Tunu akatikisa shingo. Duma akashuka lamboni na koo lake kavu, akainamisha kichwa. Maji yalikuwa machache mpaka akaona sakafu ya lambo. Akaona vyura wamebanana kama maharage chunguni. Akageuka nyuma, akamwona Swala na mtoto wake, wamesimama wakingoja kibuyu chao. Swala ni mwembamba mno kubeba ndege. Hakuwahi hata kuomba.

Duma akainua kichwa. Hakunywa.

"Ndege mwema," akasema, "wema wako nitaukumbuka mpaka nizikwe. Lakini shuka."

"Mama!" akasema Tunu.

"Nyamaza, mwanangu. Nikiingia kwa mlango huu wa uongo, nitakuachia mbio na sitakuachia maji. Shuka, ndege. Nipimeni tena, mimi kwa kibuyu changu. Na Mzee Kiboko apimwe. Ndege wote washuke!"

Kiboko akafumbua jicho moja. "Nani wa kunipima mimi?"

Ni kweli, nani ampime Kiboko? Basi Mlakupe akapiga mluzi. Fiii! Prrr, prrr, prrr! Ndege wote wakaondoka migongoni, wakajaa juu ya mgunga.

Wanyama wakasimama. Kidogo tu, Nyati akapiga mkia. Kifaru akajisugua kwenye mti. Na Kiboko, mgongo wake uko juani, hana maji ya kujizamishia, akaanza kujinyonganyonga. Kupe wameamka! Kupe masikioni, kupe kopeni, kupe kwapani.

"Rudini!" akapiga kelele. "Mlakupe, mwanangu, rudi!"

"Mwanao? Jana nilikuwa mzigo wako," akasema kidege. "Pumzika basi, Mzee. Umetuliwa mzigo."

"Rudi, nakufa!"

"Upimwe kwanza."

Kumbe siku zote ndege hakuwa mzigo. Ndege ndiye aliyekuwa akimbeba Kiboko.

Kiboko akanguruma, akatukana, akalia. Mwisho akapimwa. Wote wakapimwa, mbele ya macho ya wote. Mwenye mwili mkubwa akaongezewa kwa ajili ya mwili wake, si kwa ajili ya ndege. Kila nyumba ikapewa fungu lake, na asiyetosheka na fungu lake apunguze mwendo mwenyewe, bila gogo. Ngiri akaondolewa kwenye upimaji, kazi hiyo akapewa Kobe, maana Kobe hana haraka ya kukosea.

Fungu la nyumba ya Duma likawa kibuyu kimoja kwa siku. Kibuyu kimoja ni mbio moja. Na nyumba ile ina wakimbiaji wawili.

Asubuhi ikafika. Tunu akauliza, "Mama, leo?"

Duma akamsogezea kibuyu. "Leo. Kunywa chote."

"Na wewe?"

"Mimi natembea."

Tunu akanywa. Akasimama kwenye nyasi fupi. Akatoka. Vu... akajikwaa. Akainuka. Vuuu! Nyasi zikalala, vumbi likasimama, na Swala kule mbali akasema, "Mungu wangu, wako wawili sasa!"

Duma alibaki pale aliposimama. Misuli yake yote ilikuwa ikimvuta amfuate. Aliuma meno. Alikuwa bado ana hasira na Kiboko, na Ngiri, na Nyumbu na udongo wake. Lakini hakuinua mguu. Alisimama hivyo mpaka vumbi la mwanawe likatua. Kisha akageuka, akaenda kwa miguu, polepole, kumtafuta Swala amwombe umande wa kulamba kwenye malisho yake. Na Swala, bila kumkaribia sana, akamwonyesha mahali.

Basi wenzangu, wakubwa kwa wadogo, fundisho ni hili. Sheria ya kubana matumizi ni njema maji yanapokwisha. Lakini sheria inayomfunga mwepesi na kumwachia mzito mlango wa nyuma hailindi maji, inalinda matumbo. Na ukitaka mwanao arithi mbio zako, mwachie kwanza kitu cha kunywa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo tamu mwende nayo, iliyo chungu pia ni yenu.