Kigoda cha Atupele

“Kigoda hakiuzwi na aliyesimama.” Mmemsikia fundi akimwambia mwanafunzi wake, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Rungwe palikuwa na shule ya sekondari ya ufundi, na kwenye darasa la useremala palikuwa na msichana mmoja tu, Atupele. Baba yake, Mzee Ambilikile, hakuipenda kazi ile. Alitaka binti ahamie ushonaji. Walivutana weee, mwisho baba akatoa sharti: “Mtu asiye ndugu yetu akinunua kitu ulichotengeneza, baki na randa yako. La sivyo, muhula ujao ni cherehani.” Atupele alipenda harufu ya mbao kuliko chakula. Aliumia, lakini alikubali.

Mwalimu wao, Kyando, hakufundisha biashara ubaoni. Kila mwanafunzi alitengeneza kitu karakanani, akakipeleka gulioni na kukiuza mwenyewe. “Alama atatoa mteja,” ndivyo alivyowaambia.

Atupele akatengeneza kigoda cha miguu minne, akakipiga msasa na kukipaka vanishi hadi akaona ni dhambi kukikalia. Tena alikuwa amelelewa: kijana haketi wazee wakiwa wamesimama. Basi siku ya gulio akakifunika nailoni, akasimama kando yake kama askari wa benki. Watu walikitazama, wakakisifu, wakapita.

Karibu naye aliuza ndizi bibi mmoja aliyeitwa Tusajigwe, magoti yake mabovu. Akasogea.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hiki kinabeba mtu?”

“Kinabeba.”

“Umeshakikalia?”

Atupele akaitazama nailoni.

“Tangu asubuhi umesimama, na kiti unacho,” bibi akasema. “Mpishi akila kwa jirani, mimi chakula chake sionji.”

Atupele akaondoa nailoni, akaketi. Kigoda kikayumba. Akakigeuza, kikayumba upande wa pili. Karakanani sakafu ilikuwa ya saruji, na miguu minne ilitulia. Hapa palikuwa na udongo wa mteremko, wenye mashimo. Bibi akarudi kwenye ndizi zake bila neno, na hilo lilimuuma Atupele kuliko kama angetukanwa.

Akabaki amejikunyata pale pale. Mbele yake mama mmoja alikuwa akipika wali, sufuria kubwa juu ya mafiga, juu ya udongo ule ule, nalo halitikisiki. Mafiga ni matatu tangu enzi za mababu, na kila wiki Atupele alikuwa akipita hapo bila kuyaangalia.

Gulio lililofuata alikuja na kigoda cha miguu mitatu iliyotanuka, akakikalia. Wazee walipita wakinong’ona kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu. Akavumilia. Mara akatokea baba yake.

“Atupele, wazee wamesimama, wewe umekaa?”

“Shikamoo, baba. Kigoda hakiuzwi na aliyesimama.”

Mzee akamwinua, akaketi mwenyewe akitafuta kosa. Akajitikisa huku, akajitikisa kule. Kigoda kimetulia tuli. Akiwa bado anatafuta, Bibi Tusajigwe akamgusa bega.

“Ukimaliza kupumzika, baba, niinukie. Hicho nakinunua mimi.”

Mzee akamtazama kwa shaka. “Mama, wewe unatufahamu sisi?”

“Nikufahamu kwa lipi? Mimi nayafahamu magoti yangu.”

Mzee Ambilikile akainuka taratibu. Bibi akaketi, akashusha pumzi, na hakuinuka tena hadi ndizi zilipokwisha. Atupele alitaka kulia kwa furaha, akajizuia kwa sababu baba alikuwa anamtazama.

Njiani hapakutajwa cherehani. Lakini nyumbani, jirani alipokuja kumuuzia mzee asali, akiisifu ilhali yeye muuzaji hajaionja, Atupele akiwa jikoni alimsikia baba yake akijibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeyatunga maneno hayo mwenyewe: “Ndugu yangu, kigoda hakiuzwi na aliyesimama.”