Kwa Nini Saratani ya Damu Hujificha Ubohoni

Zama zile mwili ulipokuwa mpya, chembe nyeupe za damu hazikuwa na mikono. Zilizaliwa ndani ya mifupa, nyumbani kwa Bi Uboho, na kabla hazijakomaa mkondo wa damu ulizizoa. Mwiba mdogo ulitosha kumwua mtu, kwa kuwa walinzi wake walikuwa vitoto vichanga.

Bi Uboho alichoka kuwalilia wanawe. Akawapa mikono yenye ulimbo. "Shikeni ukuta wangu mpaka mkomae," aliwaambia. "Kisha achieni, mwende. Mkiona kidonda, shikeni ukingo wa mkondo, mtoke mkapigane." Wakatii, na mwili ukanawiri.

Ila mmoja, Sikomai, alikataa kukua. Mikono yake ilishinda ya wote kwa nguvu, naye alizaa watoto wa mfano wake, kazi yao kushika na kula. Wakaijaza nyumba. Chembe nyekundu na zile za kugandisha damu zikakosa pa kuzaliwa, mwili ukapauka. Fizi zikavuja damu bila kukoma.

Watu wakaleta dawa kali. Ikapita mkondoni, ikawaua wana wa Sikomai waliokuwa wakielea. Yeye mwenyewe aliubana ukuta, na Bi Uboho, kwa uchungu wa mzazi, akamfunika. Dawa ilipokwisha, Sikomai akazaa upya. Hapo mama akatambua kwamba huruma yake kwa mmoja inawaangamiza wote.

"Achia, mwanangu," alimwambia.

"Si wewe uliyenipa mikono hii, mama?"

"Nilikupa ya kushika na ya kuachia. Umejifunza nusu."

Dawa iliporudi, Bi Uboho aliupaka ukuta wote mafuta. Sikomai akateleza huku akimwita mama, mkondo ukambeba, dawa ikamkuta hana pa kujishika, ikamwua. Wachanga wema nao waliteleza, wakaenda naye. Mama akawalilia wote bila kubagua, na mwili ukalala hoi. Kisha akafuta machozi, akaufuta na ukuta, akaanza kuzaa tena.

Na hadi leo, saratani ya damu, yaani chembe zinazokataa kukua kama Sikomai, hung'ang'ania kuta za uboho, ikingoja dawa ipite. Nao matabibu hawaridhiki na kuiwinda mkondoni tu, bali hutafuta namna ya kuilegeza mikono yake. Ndiyo sababu pia mgonjwa anayetibiwa hudhoofika kwanza, hata jirani wakamkatia tamaa, ilhali ndani ya mifupa yake mama anazaa.