Pini Zilizosingiziwa

Fundi cherehani alizoea kubana pini mdomoni akipima kitambaa, na ndizo alizozisingizia. Damu ikionekana kwenye mate, pini. Harufu mdomoni, kitunguu. Mimba ilikuwa ya miezi mitano, na mwanamke aliyejulikana mtaa mzima kwa soga sasa aliongea huku amefunika mdomo. Mswaki aliuweka kando, maana kila akiugusa fizi zilivuja damu. Maajabu ya Musa! Alidhani anazihurumia, kumbe anaziangamiza.

Kliniki ya wajawazito hakukosa. Muuguzi akiuliza kama ana tatizo, jibu lilikuwa moja: "Niko buheri wa afya, dada." Aliona haya. Tena aliogopa, kwani mtoto wake wa kwanza alizaliwa njiti akaponea chupuchupu, na hakutaka kuambiwa kwamba yale yatamkuta tena.

Siku moja mama mkwe wake alikuja kuchukua gauni jeupe la harusi ya bintiye. Fundi akakata uzi wa mwisho kwa meno. Doa jekundu likabaki kwenye kola.

"Pini hizo, mama."

"Pini gani, nawe mdomo mtupu? Hebu achama!"

Akaachama. Bibi yule akarudi nyuma hatua nzima. "Lo! Fizi zimevimba hivi, nawe kimya?"

"Si mimba tu, mama? Husemwa kila mtoto huondoka na jino."

"Nami niliamini hivyo, ndiyo maana leo natafuna upande mmoja. Vaa viatu!"

Aliposikia habari za mtoto wa kwanza, daktari wa meno hakumtisha. "Si kila fizi mbovu huleta njiti," alisema, "lakini wataalamu wameona mambo hayo mawili mara nyingi hufuatana. Na fizi hutibika hata ukiwa na mimba. Mbona hukusema?"

"Aibu, daktari."

Akamwondolea ugaga uliogandamana kwenye meno, akamrudisha kwenye mswaki asubuhi na jioni. Baada ya wiki chache damu ikakoma.

Mtoto alizaliwa siku zake zimetimia, kilo tatu na ushei, sauti kama tarumbeta. Daktari wa meno hakuapa kwamba ni kwa sababu ya fizi. Fundi hakujali, alifurahi hadi machozi yakamtoka.

Pale wodini, kitanda cha pili, mjamzito aliyesubiri zamu yake ya kujifungua akamnong'oneza kwamba ana jambo anaona haya kumweleza muuguzi.

"Mwite sasa hivi umwambie," fundi akamjibu. "Mimi kimya changu nusura kinitokee puani. Mficha uchi hazai, mwenzangu."