Tangazo la Tulizo

Sogeeni karibu, hadithi hii ina kazi ndani yake, na kazi hiyo nitawaachia ninyi.

Katika mji mmoja palikuwa na wanawake watatu, mashoga wa kushibana. Siwema alikuwa na mkono: akichora samaki ukutani, paka humsogelea. Riziki alikuwa na duka mkabala na lango la shule, mahali ambapo kila apitaye hugeuza shingo. Sikudhani, mdogo wao, alikuwa na sauti. Mbele za watu aliimba amefumba macho kwa haya, lakini mwanawe Nasma hakulala bila kuimbiwa.

Akaja wakala wa pombe iitwayo Tulizo, anataka tangazo. Sheria za mji walizijua: tangazo la pombe lisikae karibu na shule, lisiwe na sura ya mtoto, lisitumie nyimbo za watoto.

"Mambo madogo hayo, dada zangu," alisema wakala. Nao hawakuuliza zaidi.

Riziki akatoa ukuta unaotazama shule, kwa sababu ule wa nyuma ulikuwa na unyevu na rangi ingebanduka.

Siwema akachora chupa, na kando yake uso unaocheka. Kicheko kizuri kuliko vyote alivyovijua kilikuwa cha Nasma, akachora hicho.

Sikudhani akatakiwa wimbo wa kupigwa kwenye kipaza sauti cha dukani. Aliona haya kujaribu mahadhi mapya watu wakimsikiliza, akachukua yale ya kumbembelezea mwanawe: "Kunywa Tulizo, moyo utulie."

Siku ya wazazi, mwalimu wa chekechea alimwita Nasma aimbe wimbo wa nyumbani kwao. Nasma akaimba, "Kunywa Tulizo." Darasa zima likaitikia, vidole vimenyooshwa kuelekea ukutani: "Nasma yule pale!"

Baba mmoja alicheka, kisha akamvuta mwanawe karibu. Sikudhani alivuta kanga mpaka machoni.

Mwalimu mkuu akawaita wote watatu ofisini. Wakala hapatikani kwenye simu.

"Ukuta utafutwa leo," alisema mwalimu mkuu. "Lakini mmoja wenu atoke, awaambie wazazi kwamba yeye ndiye aliyewafundisha watoto wao pombe."

"Wimbo ni wako, mdogo wangu," alisema Siwema. "Picha haina mdomo."

"Mbona vidole vilikwenda kwenye picha, dada?" Sikudhani alijibu.

"Mimi nilitoa ukuta tu," alisema Riziki.

"Ungetoa wa nyuma, wangeuona wapi?" Siwema akamkata.

Sikudhani alichungulia dirishani. Nasma alikuwa amekaa peke yake, bado anangoja kupigiwa makofi. Mama akisimama, mtoto atajua kwamba wimbo wake wa kulala ni aibu. Asiposimama yeyote, wazazi wataondoka wakinong'ona habari za Nasma.

Wazazi wamekaa, wanatazama mlango wa ofisi. Je, wewe ungemtoa nani?